Mariamu wa Ras Al Khor

Nilikwenda Dubai kumrudisha mdogo wangu kwenye Uprotestanti. Nalisema hili mapema kwa sababu majirani zetu Wundanyi waliambiwa kwamba nakwenda kutembea, na mpaka leo wapo wanaoniuliza kama nililipanda lile jengo refu. Sikulipanda. Nililiona kwa mbali kupitia dirisha la treni, nikiwa na mambo mengine kichwani.

Baba yetu ni mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi ndiye aliyeshika daftari la washirika: nani amebatizwa, nani amefunga ndoa, nani amehama, nani ametengwa, nani amekufa. Mwezi wa tatu mwaka ule mdogo wangu Mwadime, anayefanya kazi ya ulinzi Dubai, alipiga simu kumwambia kwamba anataka kupokelewa katika Kanisa Katoliki, siku ya Ijumaa, wiki mbili baada ya Pasaka. Baba aliiweka simu mezani ikiwa bado inaongea, akaniita kutoka jikoni.

"Wakesho, wewe ndiye mwalimu wa historia," alisema. "Nenda kamweleze watu waliuana kwa ajili ya nini. Na umwambie hivi: akiendelea, nitalisoma jina lake kanisani kwamba ametengwa. Nitalisoma mimi mwenyewe, simwachii mtu."

Nilikubali haraka, na sikuona sababu ya kusita. Mambo yale nimeyafundisha miaka kumi na tisa, shuleni na katika darasa la kipaimara, na huwa yananichukua vipindi sita. Kwanza ule mwamko wa sanaa wa Ulaya, wachoraji walipoanza kuchora watu wenye nyama na kivuli. Kisha Waprotestanti wanasoma Biblia kwa lugha zao na kuondoa picha na sanamu makanisani. Kisha Wakatoliki nao wanajirekebisha, na kuzidi kuyapamba makanisa yao. Mimi huchora ubaoni safu mbili na mstari katikati. Nilidhani ningembebea Mwadime mstari ule, naye angeuona.

Likizo ya Aprili ilipoanza nilishuka hadi Voi, nikapanda basi la Nairobi, nikalala kwa rafiki yangu mmoja karibu na uwanja wa ndege. Asubuhi yake nilikuwa angani. Jirani yangu ndegeni alikuwa msichana wa Machakos aliyekuwa akienda kufanya kazi ya hoteli. Aliniuliza kama nami naenda kutafuta kazi. Nikamwambia hapana, naenda kwa mambo ya dini. Akanitazama kwa heshima kubwa, akaniomba nimwombee. Nikamwombea, ingawa nilijiona kama ninayemdanganya.

Alasiri, Dubai. Joto lilinipokea mlangoni mwa uwanja kama mtu aliyefungua tanuri. Mwadime alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilikuwa sijamwona kwa miaka minne. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimeanza mvi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekonda hivi?"

"Nasimama sana," alisema, akacheka.

Mwadime mwenyewe alikuwa akilala katika chumba cha walinzi sita, kwa hiyo alikuwa ameniombea mahali kwa Mkamburi, niliyemfundisha zamani, ambaye sasa alikuwa mpokeaji wageni hotelini na alikuwa na chumba Jumeirah Village Circle. Majengo ya huko yote yanafanana, na kati yake kuna viwanja vya mchanga vinavyongoja majengo mengine yanayofanana nayo. Jioni ile, kwenye kibaraza cha Mkamburi, nilimpa Mwadime ujumbe wa baba neno kwa neno. Mkamburi alijifanya anaosha vyombo.

Mwadime alisikiliza mpaka mwisho. "Basi asome," alisema.

"Hivyo tu?"

"Dada, umekuja siku tisa. Usinifundishe leo. Kwanza uje uone ninapofanya kazi."

Jumatatu, Ras Al Khor. Nilitegemea jengo la kioo, kumbe basi lilituteremsha mahali panapouzwa vipuri vya magari. Kila upande kulikuwa na milango ya magari bila magari, injini zimepangwa barabarani, na mafundi wa Kipakistani wakigonga vyuma. Katikati ya hayo palikuwa na ghala moja lisilo na kibao. Mwadime aliandikisha jina langu langoni, nikaacha simu, tukapita milango miwili. Ndani palikuwa na baridi na ukimya, na tajiri mmoja wa mji ule, ambaye Mwadime humwita arbab, alikuwa ameweka humo vitu vyake: mazulia, saa kubwa, na picha za kale alizonunua Ulaya.

Mwanamke mrefu wa makamo, Mholanzi, alikuwa ameinama juu ya meza akiwa na kijiti chenye pamba. Walimwita Madam Hanneke. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha zilizoharibika. Mezani kulikuwa na ubao wa kale wa mwaloni, mkubwa kama mlango wa jikoni, na juu yake Mariamu amempakata mtoto. Mikono yake ilikuwa mizuri ajabu. Uliona kwamba mchoraji aliwahi kumtazama mwanamke halisi aliyechoka kubeba mtoto. Lakini macho hayakuwepo. Palipokuwa na macho mtu alikuwa amekwangua kwa kisu, mikwaruzo mirefu ya hasira, mpaka mbao ikaonekana.

"Waprotestanti," nilisema. Nilijibu kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa.

"Ndiyo," Madam Hanneke alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Huenda ni watu wa mji wa babu zangu. Mimi ni wa kanisa lao."

"Na wewe unamrudishia macho?"

"Bado sijui. Arbab anataka macho. Mimi nataka mikwaruzo ibaki, maana nayo imetokea. Tunabishana tangu mwezi wa kwanza." Kisha akanisogezea taa. "Njoo uone na hapa. Hii kazi si ya Waprotestanti."

Alinionyesha kitambaa cha buluu kilichofunika kifua cha Mariamu. Akasema rangi ile iliwekwa baadaye sana, na Wakatoliki wenyewe, walipoanza kujisafisha na kuamua kwamba picha ya kanisani isionyeshe mwili. Chini ya kitambaa, mchoraji wa kwanza alikuwa amemchora Mariamu akimnyonyesha mwanawe.

Nilisimama pale nikihesabu. Wakatoliki walimchora. Waprotestanti wakamtoboa macho. Wakatoliki wakamfunika. Mwislamu akamnunua, Mprotestanti anamtengeneza, na Mtaita, mtoto wa mzee wa kanisa, anamlinda saa kumi na mbili kwa siku. Nilijaribu kuuona mstari wangu wa ubaoni, nikashindwa kujua ungepita wapi.

Saa ya chakula tulikaa nje kwenye kivuli cha lori, tukila mkate wa Kihindi na dengu. Nikamuuliza kama ni ule ubao uliomgeuza.

"Miezi kumi na minne nimesimama naye chumba kimoja," alisema. "Mwanzo nilimchoka. Sikumwabudu, dada, ukamwambie baba hivyo. Nilimlinda tu. Lakini kila nikiyatazama yale macho yaliyokwanguliwa namkumbuka mama."

"Mama kafanya nini?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtania. "Ile picha yake. Ile aliyopewa kule misheni ya Bura alipopokea komunyo ya kwanza."

Sasa niwaeleze msiotujua. Mama yetu, ambaye sasa ni marehemu, alizaliwa katika nyumba ya Wakatoliki, akaingia kanisa la baba alipoolewa. Alikuwa na kadi ndogo ya Mariamu ambayo aliificha nyuma ya kioo cha chumbani. Mwaka ule wa mikutano ya uamsho ile kadi ilionekana, ikachomwa mekoni. Hayo nilikuwa nayajua sikuzote.

"Ile baba aliichoma," nilisema.

Mwadime aliacha kutafuna. "Si baba, dada. Ni wewe."

Nilicheka. Nikamwambia alikuwa na miaka tisa, hawezi kukumbuka. Akasema anakumbuka hata sketi yangu, ile ya chuo cha ualimu, ya rangi ya majivu. Nilikuwa nimerudi likizo nimeokoka, naimba tangu alfajiri, nikaanza kusafisha nyumba kwa jina la Bwana. Baba alikuwa amekwenda Mwatate kwenye mkutano. Mama alirudi kutoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe, akaona mekoni, akauliza tu kama tumekula.

Nilikasirika kweli. Nilimwambia Wakatoliki wake wamemlisha uongo. Nikaondoka peke yangu, nikapanda basi nisilolijua, nikazunguka karibu saa nzima na wafanyakazi waliolala wameegemea vioo. Nilikuwa namwona baba wazi kabisa, na kiberiti mkononi, uso umekunjamana. Lakini basi lilipokuwa likipinda nilikumbuka kitu kingine. Kadi ilikuwa imegandishwa nyuma ya kioo kwa selotepu, na ile selotepu ilining'ang'ania vidoleni. Niliitikisa, haikutoka, nikaifuta kwenye sketi.

Kama baba ndiye aliyeichoma, selotepu ilifikaje kwenye vidole vyangu?

Jioni ile na kesho yake kutwa sikumpigia Mwadime, naye hakunipigia. Mkamburi alinipikia ugali wa unga uliotoka nyumbani, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni joto.

Jumatano, Al Ras. Mwadime alikuwa na mapumziko, akaja kunichukua kana kwamba hakujatokea kitu. Tulishuka kituoni tukaingia vichochoro vya Deira ya zamani, wapagazi wakitupita na mikokoteni wakipiga kelele, "Yalla, yalla!" Alitaka nimjue Bwana Athmani, Mmombasa mwenye duka la viungo, aliyemlisha miezi mitatu ya kwanza alipofika bila kazi. Alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya vito iliyotariziwa. Alitukalisha kati ya magunia ya mdalasini na ndimu kavu, akatutilia kahawa.

"Nyinyi mmenuniana," alisema mara moja. "Mwalimu, mdogo wako kakukosea nini?"

Sijui ni kwa nini nilimwambia. Pengine kwa sababu hakuwa upande wowote. Nilianzia mbali, nikamweleza Ulaya, wachoraji, Waprotestanti walioingia makanisani na visu na nyundo, Wakatoliki waliojirekebisha, mpaka nikafika kwa baba na daftari lake. Wateja wawili walipimiwa iliki nikiwa naendelea. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Naam. Lakini nyote si mwamwamini Isa?"

"Ndiyo."

"Na Biblia ni moja?"

"Karibu moja," nilisema.

"Basi miye hapo ndipo mwanipotezea." Akamgeukia Mwadime. "Na weye, wataka nini hasa? Wataka dini, au wamtaka mamako?"

Mwadime alikitazama kikombe. "Sijui kuvitenganisha, mzee," alisema.

Lilikuwa jibu baya kwa mtu anayebadili kanisa. Mwalimu yeyote wa kipaimara angelikataa. Lakini ndilo jambo la kwanza katika safari ile nililolielewa. Tulipotoka dukani nikamwambia, "Ni mimi niliyeichoma." Akasema, "Najua." Tukaendelea kutembea kuelekea kituoni, na njiani akaninunulia maji.

Ijumaa, Jebel Ali. Huko Ijumaa ndiyo siku ya ibada, maana ndiyo siku ya mapumziko, na makanisa mbalimbali yamewekwa jirani, ukuta kwa ukuta, bila misalaba juu ya mapaa. Nilikuwa nimeamua usiku kucha kwamba sitakwenda. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimevaa. Kwenye lango nilijikuta katikati ya maelfu ya watu, Wafilipino, Wahindi, Wanigeria, Wakenya wenye sare za ulinzi chini ya makoti, na nusura niingie kanisa silo. Nilisikia wimbo wa kwetu nikaufuata. Mlangoni nikauliza, nikaambiwa hawa ni Waprotestanti, Wakatoliki ni lango lile pale. Nilipofika huko, nao walikuwa wakiimba wimbo huohuo.

Nilikaa safu ya nne. Wote walipopiga magoti, mimi nilisimama. Nilipopiga magoti, wakainuka. Mama mmoja wa Kihindi alinishika kiwiko, akawa ananivuta juu na kunishusha kila ilipobidi, bila kunitazama, kama anavyofanyiwa mtoto. Mwadime aliitwa mbele pamoja na wengine watano. Padre alimuuliza, naye akajibu kwa Kiingereza. Sikuona kwamba amepotea. Sikuona pia kwamba amefika mahali nisipopajua mimi. Nilimwona mdogo wangu amesimama mbele za watu na shati lake jeupe, na nyumbani baba anasubiri kulisoma jina lake.

Baada ya ibada alinijia. "Utamwambia nini baba?"

"Nitamwambia nimeshindwa."

"Na ile kadi?"

"Nayo nitamwambia."

"Hulazimiki, dada. Ameshazeeka."

Nilisema najua. Wenzake wakamwita apigwe picha. Siku ya Jumapili alinisindikiza uwanjani na mizigo yangu, akasimama kule nyuma mpaka nikapita ukaguzi.

Wundanyi, Jumanne jioni. Nilimkuta baba barazani na miwani yake, amevaa koti kwa sababu ya ukungu. Nilimsalimu, nikakaa, nikamwambia kwamba Mwadime amepokelewa na kwamba nilikuwepo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari ya bei ya mahindi. Ndipo nikamwambia habari ya kadi ya mama: siku, sketi, selotepu.

Nilidhani atauliza kwa nini nilifanya hivyo, au kwa nini nimesema sasa, mama akiwa kaburini mwaka wa sita.

"Nilirudi kutoka Mwatate nikakuta kipande kimejikunja majivuni," alisema. "Nikafikiri ni yeye aliyeichoma. Kwa hiari yake. Sikumuuliza. Siku ile ndipo nilipoamini kwamba amekuwa wa kanisa letu kweli." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Miaka ishirini na tano nilimshukuru Mungu kwa jambo hilo, Wakesho. Kila jioni."

Nilisema, "Nisamehe, baba." Alisema chakula kitapoa.

Jumatano na Alhamisi hakuzungumza nami ila kwa mambo ya ng'ombe. Nami sikujua ninasubiri nini. Nilikuwa nimekwenda kuondoa mkanganyiko mmoja, nikarudi na miwili, na wa pili nikamkabidhi mzee wa miaka sabini na tisa. Nikifikiria nilichojifunza katika safari ile, naona ni kidogo. Nimejua kwamba walioingia makanisani na visu walikuwa na mama zao, na kwamba pengine baadhi yao walirudi nyumbani wakala chakula walichopikiwa nao. Hilo haliko katika vipindi vyangu sita, na sijui nilipange kipindi gani.

Jumapili, kanisani. Baada ya mahubiri baba aliinuka na daftari, kama anavyofanya kila mwisho wa mwezi. Alisoma waliobatizwa. Alisoma ndoa moja. Kisha akasema, "Mwadime, mwanangu," akatua. Nilishika ukingo wa benchi. Watu walikuwa wameshasikia tetesi, na kanisa zima lilikuwa likingoja neno moja.

"Mwadime mwanangu amehama," alisema, akafungua ukurasa mwingine.

Mchungaji wetu ni kijana, ni mgeni kwetu, na anapenda kumbukumbu zikae sawa. Aliuliza kutoka kitini mwake, kwa upole, "Amehamia parishi gani, mzee, tumwandikie barua?"

Baba alimtazama juu ya miwani. "Amehamia kwa mama yake," alisema, akaketi.

Mama yetu amezikwa nyuma ya kanisa lilelile, hatua arobaini kutoka dirishani. Kwa hiyo mkielewa vizuri hamtawacheka majirani zetu. Kabla ya saa nane mchana uani kwetu kulikuwa kumejaa watu. Wanawake walikuja na sukari, na unga, na kuku wawili. Wengine walilia tangu njiani. Nilizunguka uwanja mzima nikishika mikono ya watu na kuwaeleza kwamba Mwadime yu hai, yuko Dubai, ana afya, amekonda kidogo tu, na wao wakanikumbatia kwa nguvu zaidi wakisema, "Pole, mwalimu, pole sana." Nilimpigia simu asikike, wakasikia sauti yake, na hata hapo wawili watatu wakaendelea kulia.

Nilipotazama barazani, baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, wageni wakipita mmoja mmoja kumpa mkono. Hakumsahihisha hata mmoja. Alikuwa akiwapokea wote, na kwa kila aliyempa pole alijibu taratibu kwamba amekwisha poa, ni mapenzi ya Mungu, alikuwa mwanamke mwema.